Subiri Mara Tatu

Titusville, Florida
17 Juni 2022

Shangazi Imogene mpendwa,

Roketi ya Jumanne ni mimi niliyeisimamisha. Sijamwambia mtu yeyote, hata Baba. Nakuambia wewe kwa sababu ndiwe uliyenitafutia kazi hii, na kwa sababu uko Alabama na nyonga mpya, huwezi kuja kunitazama usoni.

Najua umesoma gazetini kwamba mhandisi Duane Hatcher, "mwenye macho ya mwewe", aliona gesi ya heliamu inavuja akasimamisha hesabu ya kurusha zikiwa zimebaki sekunde arobaini na saba. Duane hakuona kitu. Mimi pia sikuona kitu. Nilikuwa naongea na Bi Earlene kuhusu mkate.

Ilikuwa hivi. Bw. Roark aliniweka dawati la mwisho la chumba cha kuongozea, nyuma kabisa karibu na mlango, nipokee simu na kupeleka mafaili. Alinipa hedifoni nisikilize. "Ujifunze, binti," akasema. Akanionyesha pedali iliyo sakafuni, akasema nisiikanyage kabisa, maana ukiikanyaga chumba kizima kinakusikia. Nilikaa saa tatu miguu nimeikunja chini ya kiti kama kuku anayeatamia. Kisha simu ikalia. Alikuwa Bi Earlene wa jikoni.

"Mwanangu, maharage yameiva. Mkate wa mahindi niutie kwenye oveni sasa au mpaka iruke?"

Desturi hiyo uliileta wewe mwenyewe kutoka serikalini: roketi ikiruka salama, chumba kizima kinakula maharage na mkate wa mahindi, na mkate uwe wa moto. Niliogopa atautia mapema uungue. Nikainuka nusu, nikashusha mguu, nikasema:

"Subiri, subiri, subiri!"

Neno hilo unalijua kuliko mimi. Likisemwa mara tatu ndani ya chumba kile, saa inasimamishwa, na hakuna anayeuliza cheo cha aliyelisema. Saa ikasimama. Nilipoondoa mguu kwenye pedali, watu wote walikuwa wamemgeukia Duane. Sababu ni kwamba mimi nikiogopa sauti yangu inakuwa nzito, na ya Duane ni nyembamba kila siku, kwa hiyo tunakutana katikati.

"Duane, umeona nini?" Bw. Roark akauliza.

Duane alikuwa na karanga mdomoni. Akameza. "Naangalia, bosi."

Akaangalia dakika kumi na moja. Masikini, sijawahi kuona mtu anaangalia namna ile. Dakika ya kumi na moja akasema, "Heliamu inashuka." Na kweli ilikuwa inashuka! Tangi lilikuwa linavuja polepole, na kama tungeruka, tungeruka nalo. Watu wakapiga makofi. Bi Earlene alikuwa bado kwenye simu ananiuliza, "Nisubiri mpaka lini, mtoto wewe?"

Sasa Duane anasimulia. Jumatano aliona dalili dakika moja kabla. Jana ilikuwa dakika tano. Leo asubuhi, kwenye mashine ya kahawa, nimemsikia akisema aliamka nayo.

Nitafukuzwa?

Mpwa wako,
Corliss


Huntsville, Alabama
22 Juni 2022

Corliss mwanangu,

Nimecheka mpaka mtu wa mazoezi ya nyonga akafikiri ni maumivu, akaniongezea barafu.

Hutafukuzwa. Kanuni ile niliiandika mimi: atakayesema neno hilo hatapewa adhabu, hata akilisema usingizini. Miaka thelathini na moja serikalini na kumi na moja hapo kwenye kampuni, nimesimamishiwa roketi kwa sababu ya ndege aliyejenga kiota, kwa sababu ya mvuvi aliyeingiza boti pasipotakiwa, na mara moja kwa sababu ya jenerali aliyetaka kwenda msalani. Mkate wa mahindi ni sababu nzuri kuliko hiyo ya mwisho.

Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Mwachie Duane macho yake ya mwewe. Nilimwajiri mwenyewe, na tangu siku hiyo hajawahi kusifiwa kwa jambo lolote ila kuegesha gari vizuri.

Lakini jambo moja. Umeweka namba kwenye kurasa zako, na hilo nimelipenda. Kuna ukurasa wa kwanza mpaka wa nne, halafu wa sita. Wa tano uko wapi? Mimi ni mhandisi, binti. Barua naihesabu kwanza, ndipo naisoma.

Shangazi yako,
Imogene


Titusville
30 Juni 2022

Shangazi mpendwa,

Ukurasa wa tano niliuchana. Naandika tena.

Siku ya pili baada ya tukio, Bw. Roark alinituma nitoe kopi za karatasi zote za heliamu kwa ajili ya uchunguzi. Mashine ya kopi ni ya polepole, kwa hiyo nilizisoma. Tangi letu linatakiwa kuwa na presha ya elfu nne. Kuna kengele ya kutuonya ikishuka. Kengele hiyo imewekwa ilie ikifika elfu tatu. Duane alipoona, presha ilikuwa elfu tatu na mia tatu. Ndiyo maana haikulia. Tungeruka bila hata kusikia mlio.

Nilifikiri uchunguzi utaliona hilo. Jana taarifa imetoka, na mimi ndiye niliyeichapa, kwa vidole hivi hivi: "Opereta aliona hitilafu kabla ya kengele. Mfumo umefanya kazi. Kengele ibaki ilivyo." Roketi itarushwa tena tarehe kumi na sita Agosti, na ile setilaiti ya serikali ya kutazama vimbunga. Duane anapandishwa cheo, na kiti chake atapewa mtu mgeni ambaye hata hajui choo kiko wapi.

Nimejaribu kumwambia Bw. Roark mara tatu. Mara ya kwanza nilifungua mdomo, akasema, "Ndiyo, kahawa, asante," nikamletea kahawa. Mara ya pili akasema, "Nenda tu, huhitaji ruhusa," nikaenda msalani nikakaa huko muda wa kutosha asije akashuku. Mara ya tatu alinisikiliza kweli, akaweka kalamu chini kabisa, nikamwambia tai yake ni nzuri.

Sababu ya kuchana ukurasa ni hii. Karatasi iliyoweka kengele kwenye elfu tatu ina sahihi chini yake. Ni yako. "I. M. Vandiver, Mkuu wa Programu." Na kile chumba cha kuongozea kitaitwa jina lako siku ya kurusha. Bango limeshachongwa, nimeliona stoo limefunikwa blanketi. Nikisema kengele ni mbovu, nitakuwa nimesema wewe ndiye uliyeikosea.

Pengine mimi ndiye sikuelewa. Niambie sikuelewa.

Corliss


Huntsville
5 Julai 2022

Corliss,

Umeelewa.

Nimetoa madaftari yangu yote, nimeyatandaza kitandani, na jana usiku nimelala kwenye kochi kwa sababu yao. Elfu tatu ni namba sahihi kabisa, ila ni ya roketi ya serikali. Tangi la serikali lilikuwa kubwa mara mbili na presha yake ilikuwa ndogo. Nilipohama kule nilihama na vitu vitatu: kikombe changu, maharage, na namba hiyo. Kikombe kilivunjika. Maharage mkayapenda. Namba hakuna aliyeiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeileta mimi, na mimi nilikuwa nishazeeka kiasi cha kuogopwa.

Nilifanya kazi miaka mingi ili watu waache kuniuliza kama nina uhakika. Naona walitii mno.

Leo nimemwandikia Roark, nimemwambia kila kitu kuhusu namba. Habari ya mkate sikuitaja. Hiyo ni yako.

Imogene


Kutoka kwa T. Roark, Mkuu wa Programu
Titusville, 11 Julai 2022

Mheshimiwa Dkt. Vandiver,

Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote. Wawili walitokwa na machozi. Ni wewe tu, baada ya miaka arobaini na miwili ya utumishi, unayeweza kujitwisha kosa ambalo halikutokea ili vijana wajifunze unyenyekevu!

Kuhusu namba, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Siku ya tukio tuliona wenyewe kwamba kengele haikuhitajika, kwani macho ya opereta yalitangulia. Kubadilisha kitu kilichofanya kazi ni kutafuta balaa. Nilijifunza hilo kwako.

Tafadhali pumzisha nyonga. Bango ni la shaba, na umependeza sana ndani yake.

Wako mtiifu,
Thaddeus Roark


Huntsville
14 Julai 2022

Corliss mwanangu,

Soma hiyo barua ya Roark niliyoambatanisha, na usiisome karibu na chakula.

Nimetuhumiwa mambo mengi maishani. Unyenyekevu ni mara ya kwanza. Nilimpigia simu. Nilipopaza sauti akaniuliza kama dawa za maumivu nakunywa na chakula.

Sasa nisikilize. Roark si mjinga. Ameegemea kitu kimoja tu, macho ya Duane. Anaamini binadamu aliona, basi kengele si muhimu. Anayejua kwamba hakuna binadamu aliyeona ni wewe peke yako. Mimi nina namba, wewe una mkate, na mkate ndio utakaomwangusha.

Sikulazimishi. Ukishindwa, nitapanda basi na magongo yangu nije nimwambie mimi, nitakuwa nimeisaliti siri yako na utanichukia kwa haki. Ila usinyamaze kwa ajili ya jina langu. Setilaiti ile ikizama baharini, kimbunga kitakachokuja kung'oa paa la baba yako hakitasoma bango.

Imogene


Titusville
23 Julai 2022

Shangazi mpendwa,

Nimesema. Samahani kwa mwandiko.

Nilianza na Duane kwa sababu Duane haogopeshi, na kwa sababu Alhamisi mchana alikuwa hawezi kunikimbia. Mamba mdogo alikuwa amelala chini ya gari lake kwenye maegesho, naye amesimama mbali anangoja aondoke.

"Wewe wa mafaili," akasema, "una kitu cha kumrushia?"

"Sina. Bwana Hatcher, siku ile hukusema subiri."

"Nini?"

"Ni mimi. Nilikuwa kwenye simu na Bi Earlene. Nilikanyaga pedali."

Akamtazama mamba. Akanitazama mimi. "Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Kwa sababu gani?"

"Mkate ungeungua."

Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta kitambaa. Kisha akapumua kama mtu aliyevua viatu vya kubana. "Unajua," akasema, "nimekuwa nikijiuliza. Nakumbuka karanga vizuri sana. Hilo neno ndilo silikumbuki." Akasema mke wake amemtengenezea keki yenye picha ya mwewe. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kama usingepiga kelele, mimi ningeona?"

"Sijui, bwana."

"Mimi najua," akasema. "Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini na saba, nami nilikuwa nawaza chakula."

Tukaenda wote kwa Bw. Roark. Duane alitangulia, nami nikasimama nyuma yake.

"Bosi," akasema, "siku ile sikuona kitu."

"Acha mzaha, Duane. Nani aliona?"

"Hakuna."

"Mtu alisema subiri!"

"Alisema, bosi. Lakini alikuwa anaongea na mkate."

Akasogea pembeni, nikabaki mbele peke yangu. Bw. Roark akaweka kalamu chini tena kama siku ile ya tai. Shangazi, nilitazama kona ya meza nikasema yote: pedali, Bi Earlene, mashine ya kopi, elfu tatu. Nikasema dakika zile kumi na moja hatukuzipata kwa macho ya mtu, tulizipata kwa bahati, na tarehe kumi na sita sisi hatujui kama Bi Earlene atapiga simu. Nilisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi ainame juu ya meza. Sikuweza kuipandisha na sikuweza kuacha.

Nilimaliza. Akafungua droo, akatoa barua yako, akaisoma upya kuanzia tarehe.

"Kwa hiyo Imogene alikuwa anasema kweli," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Nami nikamwambia apumzishe nyonga."

"Ndiyo, bwana."

Akakaa vibaya kwenye kiti, kama mtu ambaye nyonga inamuuma yeye. Kisha akanyanyua simu. Kengele itawekwa elfu tatu na mia nane. Duane amekataa cheo, anabaki kwenye kiti chake, na karanga zimepigwa marufuku. Amezipiga marufuku mwenyewe.

Bw. Roark anauliza afanyeje kuhusu bango. Aliuliza kwa kunong'ona.

Corliss


Huntsville
28 Julai 2022

Corliss mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Kurasa zote zipo.

Karatasi ya kusahihisha kengele imenijia kwa ajili ya sahihi. Wameacha nafasi ya "Aliyeweka namba ya kwanza", nami nimesaini hapo kwa kalamu nene. Chini yake pana "Aliyegundua kosa". Wameandika "Uchunguzi". Nimekata neno hilo nikaandika jina lako na kurudisha. Wakikukasirikia waambie mzee wa Alabama amechanganyikiwa na dawa.

Bango mwambie Roark alitundike jikoni kwa Earlene. Huko nitakuwa na watu wenye akili.

Mimi sitakuja kwenye kurusha. Daktari kakataa. Nitatazama kwenye televisheni na bakuli la maharage, na sitakula mpaka iruke.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa nilipoweza kusema "hapana" mbele ya bosi kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo nilitapika. Wewe umeniwahi kwa miaka kumi na moja. Ulitapika?

Imogene


Titusville
18 Agosti 2022

Shangazi mpendwa,

Sikutapika. Duane ndiye aliyetapika, lakini anasema ni keki.

Umeiona ikiruka, kwa hiyo sitaeleza moto wala moshi. Kengele haikulia kwa sababu hakukuwa na cha kulilia. Setilaiti iko juu, na Baba ameitazama angani jana jioni akaipungia mkono, ingawa nadhani ilikuwa ndege ya abiria. Bi Earlene amelisugua bango lako mpaka anajiangalia ndani yake akivaa kofia. Mwezi ujao naanza chuo cha hapa mjini. Bw. Roark ameandika barua ya kunisifu, ndefu kama ile yako, ila hakuna aliyelia.

Ninachotaka kukuambia ni kuhusu ile dakika moja. Televisheni ilisema hesabu ilichelewa dakika moja kwa ajili ya "ukaguzi wa ziada". Ukweli ni kwamba ilikuwa mimi tena.

Unajua kabla ya mwisho mkuu huita dawati moja moja, na kila mmoja anajibu "Tayari". Presha, tayari. Mafuta, tayari. Hali ya hewa, tayari. Safari hii, bila kuniambia, Bw. Roark alimaliza wote, kisha akasema, "Dawati la mwisho?"

Dawati la mwisho ni mimi na simu.

Chumba kizima kikageuka. Sikujibu. Nilijipinda upande huu, nikajipinda upande ule, nikainamisha kichwa, nikakinyanyua. Mtu mmoja akasema taratibu, "Msimwonee, mtoto ana haya." Mwingine akasema, "Duane, mjibie." Duane akasema, "Akili yake ni yake, mwacheni." Ikapita dakika nzima. Ndipo nikakanyaga pedali, kwa makusudi, nikasema, "Tayari." Watu wakatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto aliyekariri shairi kanisani. Tangu hapo kila anayepita ananipigapiga begani na kuniambia haya zitaisha nikikua.

Shangazi, sikuona haya. Namba ya heliamu iko kwenye skrini kubwa, chini kabisa kona ya kushoto, na mbele yangu amekaa yule mrefu wa hali ya hewa. Nilikuwa nakikwepa kichwa chake ili niisome. Niliulizwa kama niko tayari, na sikuwa tayari mpaka niione. Ilikuwa elfu nne na kumi na mbili. Nikaitazama mara ya pili nione kama inashuka. Haikushuka. Ndipo nikasema.

Hakuna anayejua, hata Duane. Tafadhali usimwambie mtu, hasa Bw. Roark ukiongea naye kwenye simu. Waache waamini ni haya. Wakigundua kwamba niliisubirisha setilaiti ya serikali dakika nzima kwa sababu sikutaka kuamini neno la mtu, watanipa dawati la mbele, na dawati la mbele lazima uongee siku nzima.

Mpwa wako anayekupenda,
Corliss